Kigimbi chako, na mikono ya nyanya

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya magharibi

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mama akusalimu sana, na watoto wauliza waja lini kutoka Lamu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema kigimbi chakukaza usiku kikawa kama jiwe, nawe walia kimya usimwamshe bwana, nimekuonea imani mno. Umeniuliza mbona msuli ukishakaza haujilegezi wenyewe, ilhali kulegea ndiko kupumzika. Swali hilo lilinisumbua mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi, na aliyenifumbua macho ni nyanya.

Wakumbuka alivyokuwa akiitwa kuosha maiti wa kike mtaa mzima. Siku moja alinichukua nimsaidie. Tulifika roho haijatoka zamani. Kabla ya lolote alimfumba marehemu macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, kisha akaushika mkono, akaukunja kiwikoni, akaunyosha, akaukunja tena. Akaja kwenye vidole, kimoja kimoja, halafu magoti. Taratibu, kama amvishaye mtoto nguo. "Fanya hima mwanangu," akaniambia, "mwili hautungoji." Mimi nilidhani baridi ndiyo imkakamazayo maiti. Kumbe kwenye joto kama letu hili hukakamaa mapema zaidi.

Sababu yake imo ndani ya msuli. Chukua kamba ya usumba, hizi za majahazi ya Bandari ya Kale, uifumue: kamba ndani ya kamba, na mwisho wake nyuzi. Ndivyo ulivyo msuli. Nyama ya ng'ombe ikichemka sana, si yachambuka nyuzinyuzi? Kila uzi unaouona kwa jicho ni tita la seli. Seli yenyewe ni nyembamba kama unywele, lakini ndefu, na ina viini vingi badala ya kimoja. Ndani ya seli mna nyuzi nyingine ndogo mno, na kila uzi umegawanyika pingili pingili kama muwa. Pingili hiyo waiita sakomea. Kwenye sentimita moja ya uzi zimepangana kiasi cha 4,000 hadi 5,000. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikasema subhanallah.

Ndani ya sakomea mna nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini na nyuzi nene za protini iitwayo mayosini, na mayosini ina vichwa vingi vilivyojitokeza ubavuni. Umewaona mabaharia wakitweka tanga. Mkono washika henza, ile kamba ya kutwekea, wavuta, waachia, wasogea mbele, washika tena. Wengine wakiachia, wengine wameshika, ndipo foromali, ule mti ushikao tanga, isirudi chini. Vichwa vya mayosini vyaivuta aktini vivyo hivyo. Na kamba yenyewe haifupiki! Nyuzi zapitana tu, pingili ndiyo ifupikayo. Watu walikuwa wakidhani protini zenyewe ndizo zijikunjazo, hadi 1954, makundi mawili ya wanasayansi yalipoandika haya katika toleo moja la jarida la Nature: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande wa pili. Akina Huxley hao si jamaa, na Jean Hanson ni mwanamke, jambo ambalo lilinifurahisha.

Anayetoa amri ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Humwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya seli, umeme ukapita, na kalsiamu ikatoka kwenye vifuko vyake mle ndani. Kalsiamu hushika protini ndogo iitwayo troponini, nayo huusogeza ukanda uliofunika mahali pa kushikwa kwenye aktini. Hapo vichwa hupata pa kushika. Kalsiamu ikirudi vifukoni, ukanda hufunika tena, na msuli walegea.

Sasa sikiliza, hapa ndipo lilipo jibu lako. Kichwa kikishashika na kuvuta hakiachii mpaka kipokee ATP, ile nguvu ambayo mwili waitengeneza kwa chakula na pumzi. Na kuirudisha kalsiamu vifukoni nako kwataka ATP. Kwa hivyo kulegea kwagharimu, Mwanakombo, kama kukaza kugharimuvyo. Mtu akifa pumzi imekatika, ATP yaisha, kalsiamu yavuja, vichwa vyashika, na hakuna wa kuviachisha. Taya hutangulia kukaza, baada ya saa chache, na zikitimia saa 12 hivi tangu kufa mwili mzima umekuwa gogo. Siku ya pili au ya tatu hulegea tena kwa kuwa protini zimeanza kuvunjika. Zile saa za mwanzo ndizo alizokuwa nyanya akikimbizana nazo, kiwiko kwa kiwiko, kidole kwa kidole.

Kigimbi chako si hivyo, usije ukajitia hofu. ATP unayo. Chako ni neva iliyoshikilia kuamuru wakati hakuna kazi, na kalsiamu yazidi kumwagika. Kikikubana, nyosha goti, shika vidole vya mguu uvivute kuelekea kwako, usiviachie mpaka usikie kimetulia. Kabla ya kulala pia nyosha miguu hivyo hivyo. Mguu ukivimba au ukiwa na joto upande mmoja, hilo ni jingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na nikuulize la siri, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu bwana akasikia: hukuchelewa mwezi huu? Kukaza vigimbi usiku huwapata sana waja wazito. Nijibu upesi.

Akupendaye,
Mwanaisha