Barua kwa wanangu wenye vichanga, kabla ya Holi, mwezi mpevu wa Fagan katika kalenda yetu ya Kihindu

Wanangu, wakwe zangu, na nyinyi akina dada mnaotulelea watoto majumbani,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Siku ya Dhuleti, yaani siku ya kurushiana rangi katika Holi, baba yuko uwanjani na ndoo ya maji, mama anapokea wageni, na mtoto yuko mikononi mwa dada wa kazi. Yeye ndiye ninayetaka aisome barua hii wa kwanza. Kaeni naye muisome pamoja, na akiwa na neno, msikilizeni.

Mwaka huu jumuiya yetu ina vichanga saba ambao hawajaiona Holi hata moja. Nimefurahi mno. Simu zimeanza mapema: mmoja ananiuliza, "Ba," yaani mama, "tumpake rangi kidogo tu?" Mwingine anasema atajifungia chumbani na mwanawe mpaka jioni. Nyote wawili nawaelewa. Lakini mtoto mchanga ana Holi yake mwenyewe, tuliyoachiwa na wazee, nayo ni ya usiku wa kuamkia siku ya rangi.

Kumbukeni sikukuu hii imetokana na nini. Mfalme Hiranyakashipu alimchukia mwanawe Prahlad kwa sababu mtoto alimwabudu Vishnu. Holika, dada wa mfalme, akampakata Prahlad akaingia naye motoni, akiamini kwamba yeye hataungua. Aliungua shangazi, mtoto akatoka mzima. Kila nikiusimulia mkasa huu nawaza yale mapaja. Mtoto hakuwa na uwezo wa kuchagua nani ampakate wala apelekwe wapi. Na wenu pia hana.

Ndiyo maana kwetu Wagujarati, watu wa asili ya Gujarat, India, mtoto wa Holi ya kwanza huvishwa nguo nyeupe, hubebwa kuuzunguka moto wa Holika, na wazazi hutoa nazi, tende, bisi na dengu za kukaanga. Hapo amekwisha kusherehekea, hana deni. Ila moto wa leo si ule wa utotoni mwangu. Nimeona vijana wakitupia mbao zenye rangi ya mafuta, maboksi yenye plastiki, hata kipande cha tairi. Moshi wa vitu hivyo ni sumu kwa mapafu madogo. Basi choma kuni kavu na vifuu vya nazi tu, na mtoto azungushwe mapema, kuni zikiwa zimepangwa na kabla kiberiti hakijawashwa. Maharaj, kuhani wetu, nimeshazungumza naye, amekubali. Moto ukiwaka, simameni mbali, upande unakotokea upepo.

Na gulali, ule unga wa rangi, isikaribie moto kabisa. Unga mkavu ukitapakaa hewani hushika moto mara moja. Juni 2015 huko Taiwan, kwenye bustani ya michezo ya maji, unga wa wanga wenye rangi uliorushwa juu ya watu ulilipuka. 15 walikufa na mamia waliungua. Ulikuwa wanga wa mahindi, kitu tunachopikia.

Sasa siku yenyewe ya rangi. Mwaka 1978 mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi mitano. Jamaa yangu mmoja, kwa mapenzi tu, alimpaka kijani mashavuni akambusu. Sikusema kitu, nilikuwa mkwe mpya na nilimwonea haya. Kufikia magharibi uso wa mtoto ulikuwa umevimba, jicho la kushoto halifunguki, na usiku kucha nilikuwa benchi la hospitali nikiwa na sari yenye rangi. Alipona. Mimi nikaingia kusomea uuguzi, nikafanya kazi wodi za watoto miaka 31, na kila Machi niliwaona wengine wakiletwa vilevile. Kwa hiyo nawaruhusu leo, mbele ya watu wote: mkwe mpya anaweza kumwambia mkubwa yeyote "hapana, usimpake", na akilaumiwa aseme Ba ndiye aliyemtuma.

Ngozi ya kichanga ni nyembamba kuliko yetu, na ukilinganisha na uzito wake ni kubwa, hivyo kinachopakwa juu huingia mwilini kwa wingi. Kisha mikono yake yote huishia mdomoni. Rangi za bei rahisi za sokoni mara nyingi ni rangi za viwandani, za vitambaa na ngozi, na zimewahi kukutwa na madini kama risasi. Neno "asilia" kwenye pakiti halinitoshi. Hata manjano ya unga yaliyokwisha kusagwa siyaamini, maana kuna wafanyabiashara waliokutwa wakiyatia rangi yenye risasi ili yang'ae. Nunueni mizizi, msage wenyewe.

Zamani Gujarat rangi ilikuwa maua ya kesudo yaliyolowekwa usiku kucha, maji yake ya rangi ya machungwa na harufu nyepesi. Ndugu wakija hutuletea maua makavu, nami nitaloweka ndoo mbili. Choya nayo hutoa wekundu mzuri, na mchicha ukipondwa unatoa kijani. Lakini haya ni kwa wakubwa na watoto wanaotembea. Kwa asiyetimiza mwaka, unga wa aina yoyote hapana, hata wa mchele, kwa sababu anauvuta puani. Maji ya kumrushia pia hapana. Kichanga hupoa haraka hata kwenye joto letu la Machi.

Mkitaka kumbukumbu, fanyeni nilivyomfanyia mjukuu wangu. Pondeni kiazi chekundu cha kachumbari, chovyeni pamba, pakeni unyayo mmoja tu, kanyagisheni kwenye kitambaa cheupe, kisha mwosheni papo hapo. Bibi harusi wetu anapoingia nyumba ya mumewe huacha nyayo za kumkum, unga mwekundu, kwenye kitambaa cheupe. Na huyu naye kaingia nyumbani mwetu. Chandlo ya nukta moja kwenye paji la uso, kwa maji hayohayo, inatosha.

Mama anayenyonyesha, hili nalisisitiza kwa sababu wengi hulisahau. Ukienda kucheza, rangi itakuingia kifuani. Oga, sugua shingo na kucha, badili nguo zote, ndipo umpe ziwa. Ni rahisi zaidi ukijipaka mafuta ya nazi mwili mzima kabla ya kutoka, rangi haing'ang'anii. Na thandai ya siku hiyo iwe ya maziwa, lozi na iliki. Iliyotiwa bangi usiionje hata funda moja, kwa kuwa hupita kwenye maziwa mpaka kwa mtoto. Asali asilambishwe kabla ya mwaka mmoja, hata shangazi akisema ni baraka. Na zile bisi, dengu na pista zinazotembezwa kwenye sahani, ziwekeni juu, zinapalia watoto hadi wa miaka minne.

Ikitokea rangi imemwingia jichoni, msifikiche. Mlazeni ubavu, mimineni maji safi ya uvuguvugu polepole kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali hata kama jicho linaonekana sawa. Rangi ya ngozini iondoeni kwa mafuta ya nazi, halafu maji na sabuni laini. Nimeona mtoto aliyesuguliwa kwa mafuta ya taa. Naomba nisione mwingine. Akianza kuhema, mbavu zikiingia ndani na pua zikipanuka, msisubiri kumpigia Ba simu. Kimbieni. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu akiwa na joto la nyuzi 38, ni hospitali siku hiyohiyo, sikukuu au si sikukuu.

Vijana wenye pichkari, yale mabomba ya kurushia maji ya rangi, ninawapenda na nataka mcheze mpaka mchoke. Anayembeba mtoto atavaa kitenge cheupe begani. Mkikiona, shusheni pichkari, na ngoma isipigwe karibu naye.

Mimi nitakuwa nyumbani Kisutu tangu saa mbili asubuhi, nguo safi, mikono imeoshwa, na sitaguswa rangi na mtu mpaka saa saba mchana. Anayetaka kwenda kucheza na mumewe aniletee mtoto, nepi nne na maziwa aliyokamua, yakiwa na jina lake. Kwangu pana nafasi ya watatu. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye yuko kwenye mfungo lakini amejitolea mwenyewe, atapokea wawili. Wawili waliobaki bado nawatafutia mahali. Mama zao wanipigie kabla ya Ijumaa.

Ni mimi,
Ba yenu