Madaftari ya akina mama yasipotee

Mhariri,

WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ilitimiza miaka 50 mwaka 2022. Umoja wa akina mama wa Kianglikana ulianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876. Hayo yanajulikana. Historia ya vikundi vya parokia na sharika zetu hapa Moshi imo kwenye madaftari ya mihutasari, nayo hupotea katibu anapobadilika kwa sababu hukaa nyumbani kwake. Makabidhiano yasainiwe. Sanduku la kuyatunzia madaftari lisiguse sakafu wala ukuta: mchwa na unyevu huanzia hapo.

Linaloniuma zaidi ni majina. “Mama Neema alichangia” haimtambulishi mtu baada ya miaka 30. Andikeni jina lake kamili, na nyuma ya picha tumieni penseli laini, kwani wino hupenya.

Msomaji,
Moshi