Waturuki hawakufunga njia ya pilipili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu makala mliyochapisha juma lililopita juu ya mwisho wa Zama za Kati huko Ulaya. Mwandishi ana kalamu nzuri, na aliyoyaeleza kuhusu Martin Luther na mitambo ya uchapaji sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni aya moja, ile inayosema kwamba Waturuki walipoiteka Constantinople (Istanbul ya leo) mwaka 1453 walifunga njia ya viungo, na Wareno wakalazimika kuizunguka Afrika kutafuta njia nyingine. Nimefundisha Historia kwa muda mrefu na sentensi hiyo nimeisahihisha katika madaftari mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Inakaririka kwa urahisi, lakini ukiiwekea tarehe haisimami.

Pilipili manga ya Malabar, pwani ya kusini magharibi mwa India, haikuwa ikipitia Constantinople, labda kidogo tu. Ilipakiwa Calicut na bandari za jirani, ikavuka hadi Aden, ikapanda Bahari ya Shamu, ikafika Kairo kwa ngamia na kwa vyombo vya mto Nile, kisha Aleksandria, ambako merikebu za Venice, mji wa Italia, zilikuwa zikiisubiri. Nyingine ilitokea Beirut. Sehemu ya Misri na Syria ya njia hiyo ilikuwa chini ya masultani wa Kimamluki wa Misri. Waturuki wa Osmani waliinyakua Syria mwaka 1516 na Misri mwaka 1517. Mreno Vasco da Gama alitia nanga Calicut mwaka 1498, yaani miaka 19 kabla ya Waturuki kuingia Kairo.

Kama tunamtafuta aliyewaumiza wanunuzi kwa bei, basi tumtazame Sultani Barsbay wa Misri, aliyetawala kuanzia 1422 hadi 1438. Yeye ndiye aliyeifanya biashara ya viungo kuwa mali ya dola, akawalazimisha wageni kununua kwake kwa bei anayoitaka. Watu wa Venice walilalamika, wakalipa. Waliendelea kulipa hata baada ya 1453. Walipigana na Waturuki kuanzia 1463 hadi 1479, wakapatana, na muda wote huo Aleksandria iliendelea kuwauzia pilipili. Wafanyabiashara hawajui kususa kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwa Wareno wenyewe. Ceuta, mji wa Kiislamu upande wa Morocco, waliuteka mwaka 1415, miaka 38 kabla Constantinople haijaanguka. Baharia wao Gil Eanes aliipita Rasi ya Bojador, kwenye pwani ya Sahara, mwaka 1434. Mwezi Agosti 1444, katika mji wa Lagos kusini mwa Ureno, waliteremshwa mateka 235 kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Waligawanywa mafungu uwanjani, watoto wakitenganishwa na mama zao, huku Mwanamfalme Henrique akitazama akiwa juu ya farasi. Fungu lake lilikuwa moja ya tano, watu 46. Habari hiyo haikuandikwa na adui wa Wareno; iliandikwa na Zurara, mwandishi wa historia wa mfalme wao. Mfalme Afonso wa Tano alipotoa sarafu yake ya dhahabu, cruzado, mwaka 1457, dhahabu ilikuwa ya Guinea, yaani pwani ya Afrika Magharibi. Ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo, ilijengwa mwaka 1482 kwa ajili ya dhahabu hiyo hiyo.

Hapo ndipo aya ile inaponikera. Inamfanya Mreno aonekane mteja mnyonge aliyekuta duka limefungwa akaamua kwenda mtaa wa pili, na watu wale wa Lagos hawaonekani kabisa.

Haina maana kwamba viungo havikuwa na nafasi. Mtu wa kwanza ambaye da Gama alimtuma nchi kavu kule Calicut alikutana na watu wawili wa Tunis waliojua Kihispania. Walishangaa, wakamuuliza kilichowaleta huko. Akajibu: Wakristo na viungo. Wareno walikuwa wakimtafuta mfalme Mkristo wa hadithi, Padri Yohane, ili washirikiane naye dhidi ya Waislamu, na hekalu la Kihindu wakalidhania kanisa, wakasali ndani yake. Da Gama huyu ni mtu wa Vita vya Msalaba aliyepata mizinga. Sijui kwa nini vitabu vinamwita mtu wa zama mpya. Zawadi alizompelekea mtawala wa Calicut zilikuwa nguo, kofia, marijani, mabeseni sita ya kunawia, sukari, mafuta na asali. Maofisa walizicheka.

Hata sisi wa pwani tuna ushahidi. Wareno walipofika Malindi Aprili 1498 walikuta merikebu nne za Wahindi bandarini, na mfalme wa Malindi akawapa rubani wa kuwavusha. Njia iliyofungwa haina rubani wa kukodisha.

Aliyejaribu kweli kuifunga ni Mreno. Mwaka 1505 kamanda wao Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Vyombo vikatakiwa kununua hati ya Kireno ya kusafiria, na kisichokuwa nayo kikakamatwa. Mwaka 1513 Albuquerque, gavana wa Wareno huko India, aliivamia Aden ili aibane Bahari ya Shamu, akashindwa. Ilipofika katikati ya karne ya 16, pilipili ilikuwa inamiminika tena Aleksandria, safari hii chini ya Waturuki hao hao wanaosingiziwa, na Venice ikinunua kama zamani.

Mwaka 1453 una uzito wake, ila si kwenye pilipili. Waliobanwa ni watu wa Genoa, mji mwingine wa Italia, ambao biashara yao kubwa ilikuwa Bahari Nyeusi, pamoja na soko la watumwa la Caffa huko Crimea. Caffa nayo ilitekwa na Waturuki mwaka 1475. Fedha za Genoa zilizidi kuelekea magharibi, kwenye bandari za Hispania na Ureno na mashamba ya miwa ya Madeira, ambako kazi ilifanywa na watumwa, wakiwemo Waafrika. Mwandishi ameahidi sehemu ya pili. Ningependa aiandike hiyo.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga