Jumamosi: Vyura na vinyonga msitu wa Karura, Nairobi

Wapendwa, hamjambo. Jumamosi tukutane saa mbili asubuhi, geti la Limuru Road. Kiingilio kila mtu ajilipie kwa simu.

Tutaanzia ziwa la mayungiyungi tusikilize vyura. Ukipaka dawa ya mbu mkononi, tafadhali usimshike chura hata kidogo. Ngozi yake hufyonza kila kitu. Nyoka na mijusi tuwatafute jua likishachomoza vizuri, maana asubuhi ya Nairobi huwazubaisha kama inavyonizubaisha mimi.

Kinyonga wa pembe tatu ndiye ninayemtamani. Dume ana pembe kama kifaru mdogo, na jike hatagi mayai, huzaa watoto kabisa. Angalieni vijiti vyembamba vya vichaka, polepole, jani kwa jani. Safari iliyopita nilimpita mmoja mara mbili, akaonwa na binti wa miaka saba.

Vaeni gambuti au viatu vya kufunika kifundo. Nyoka aitwaye kifutu hakimbii, hulala tu kwenye majani makavu akitegemea rangi yake, kwa hiyo tazama kabla ya kukanyaga. Hakuna kubeba mnyama nyumbani, picha tu.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa jioni.