Usitume hela ya zile rimu kabla hatujapima

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Picha ulizonitumia nimeziangalia jana usiku na leo asubuhi nimezirudia. Rimu ni nzuri, sikatai. Inchi 18 kwa 9.5, yaani kipenyo kwa upana, ofseti 22, na kwenye gari la huyo mwenzako zimekaa utadhani zimezaliwa nalo. Ila itazame tena ile picha ya tatu, ikuze pale juu ya tairi la nyuma. Unaona mshono wa rangi? Fenda zile zimepanuliwa. Za Toyota GT86 yako hazijaguswa tangu itoke kiwandani. Kwa hiyo nakuomba, hela usitume bado. Soma barua hii mpaka mwisho, kisha uamue.

Gari lako lilikuja na rimu za 17 kwa 7, ofseti 48, na tairi za 215/45R17, yaani upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Hiyo ofseti ni umbali wa milimita kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi ule uso unaobanwa kwenye habu, kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa. Ukigeuza rimu utakuta imegongwa nyuma ya spoku, ET48; ET ni kifupi cha neno la Kijerumani, Einpresstiefe. Namba ikiwa kubwa, uso ule uko karibu na upande wa nje wa rimu na gurudumu linazama ndani ya gari. Ikipungua, gurudumu linatoka nje. Watu wengi wanaishia hapo, ndiyo maana wanakosea. Ofseti bila upana haikuambii chochote. Rimu ikiongezwa upana, nusu ya ongezeko inaenda ndani na nusu inaenda nje, halafu ofseti ndiyo inayosogeza kila kitu upande mmoja.

Chukua karatasi tupige hesabu ya rimu ulizozipenda. Kutoka 7 hadi 9.5 ni inchi mbili na nusu, yaani milimita 63.5. Nusu yake ni karibu 32. Ofseti imeshuka kutoka 48 hadi 22, hiyo ni 26. Upande wa nje unajumlisha: 32 na 26, milimita 58. Upande wa ndani unatoa: 32 kasoro 26, milimita 6 tu. Sasa nenda nje ulipoegesha gari, ulaze vidole vitatu kwenye ukingo wa nje wa rimu yako, uone vinafika wapi. Huko ndiko rimu hizo zitakakofika, nje kabisa ya fenda.

Nilishawahi kununua kwa macho hivyo hivyo. Muuzaji aliniambia "zitaingia tu", nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilipoendesha peke yangu, hakukuwa na tatizo. Siku nilipopakia watu wawili nyuma na kupita tuta kwa mwendo wa kawaida, nikasikia mlio kama kitambaa kinachopasuliwa, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Nilisimama, nikapiga magoti kwenye lami. Ukingo wa fenda ulikuwa unang'aa, chuma kitupu, rangi yote imeenda. Bega la tairi la kulia lilikuwa limechongwa mfereji mzunguko mzima, laini kama uliokatwa kwa kisu, na tairi lilikuwa halijamaliza wiki tatu. Kilichoniumiza ni kwamba nilikuwa nimewabeba watu wangu juu yake. Ndiyo sababu nakung'ang'ania.

Na fenda si jambo kubwa kuliko yote. Gurudumu la mbele linageukia kwenye mhimili usioonekana, unaotoka kichwa cha shokapu na kushuka hadi bolijointi ya mkono wa chini. Uurefushe mstari huo kwa mawazo hadi ugonge ardhi: umbali kati ya pale ulipogonga na katikati ya tairi ndio unaoamua usukani unahisije mikononi mwako. Waliounda gari walichagua umbali huo kwa makusudi. Ukilitoa gurudumu nje kwa kiasi kikubwa, unarefusha mkono ambao kila shimo linautumia kukunyang'anya usukani. Ukifunga breki huku tairi moja likiwa kwenye lami na jingine kwenye mchanga, gari linavuta upande. Beringi za habu nazo zinabebeshwa mzigo kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Wewe mwenyewe uliniambia gari hili ulilinunua kwa sababu ya usukani wake. Basi usiuharibu kwa ajili ya picha.

Sasa, uliponiuliza "nichukue ofseti ngapi", mimi ningeanzia kwingine. Anza na tairi. Kinachoshika barabara ni mpira, na rimu kazi yake ni kuubeba mpira huo ukae wima. Lile gari la pichani limevalishwa 225/40R18 kwenye rimu ya 9.5, wakati tairi la saizi hiyo linakubali rimu ya 7.5 hadi 9. Ona jinsi ubavu ulivyolala. Tairi limevutwa, ukingo wa rimu uko wazi kwa kila jiwe, na upepo ukipungua kidogo kwenye kona kali tairi linaweza kubanduka kwenye rimu. Hapo hakuna mshiko ulioongezeka.

Mimi ningekuchagulia 245/40R17. Kipenyo chake ni milimita 628 hivi, na cha tairi ulilonalo ni 625. Spidomita haitadanganyika, gia hazitarefuka. Ukienda 235/40R18 unafika 645, zaidi kwa asilimia 3: mshale ukisema 100 wewe uko karibu 103 ukilinganisha na sasa, na gari linapoteza wepesi wake wa kuondoka, gari ambalo halina nguvu za kuchezea. Kwa tairi la 245/40, rimu ya 8.5 ndiyo inayolikaa sawasawa. Angalia pia namba ya mzigo ubavuni. Ya kwako ni 87, maana yake kila tairi linabeba kilo 545. Usishuke chini ya hapo hata ukipewa bei ya kutupa.

Baada ya tairi na upana ndipo ofseti inajitokeza yenyewe. Tuseme 17 kwa 8.5, ofseti 45. Rimu inaingia ndani milimita 16 na kutoka nje 22. Lakini kinachogusa kwanza huwa ni ubavu wa tairi, kwa hiyo ufuate ubavu: kutoka 215 hadi 245 ni 30, kumi na tano kila upande, na ofseti imesogeza tatu. Ndani 12, nje 18. Hizo ndizo namba za kwenda nazo kwenye gari.

Na ukienda kwenye gari, anza kupima ndani. Nje kila mtu anaona. Ndani, kati ya ubavu wa tairi na shokapu, hakuna anayetazama mpaka tairi liwe limeshatoboka. Ingiza kipande cha udongo wa kuchezea watoto kati ya tairi na shokapu, ukibonyeze, ukitoe taratibu, ukipime unene kwa rula. Halafu kata usukani mpaka mwisho, kulia kisha kushoto, na kila mara upime hivyo hivyo kati ya tairi na ukuta wa ndani wa fenda, kwa sababu shokapu ya mbele hugeuka pamoja na gurudumu. Kisha jeki iwekwe chini ya mkono wa chini, gurudumu lipande kama linavyopanda kwenye tuta, upime tena, maana gari lililosimama tuli halikuambii ukweli wote. Nyuma pia, ingawa muundo wake ni tofauti na mbele. Ukipata milimita 20 ndani, ukala 12, unabaki na 8. Mimi siridhiki na chini ya 5, kwa sababu bushi zinanyumbuka na tairi linavimba likikimbia.

Uliuliza pia habari ya spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu. Spesa ya milimita 10 inashusha ofseti kwa 10, basi, hakuna uchawi. Ila nyembamba inayochomekwa tu kwenye studi, zile boliti za habu, inakula nyuzi ambazo nati ilipaswa kuzishika. Kama rimu inahitaji spesa ili ikae, hiyo siyo rimu ya gari lako.

Mengine ni ya kuhakikisha tu. Matundu matano ya studi kwenye duara la milimita 100. Tundu la katikati 56.1, likiwa kubwa zaidi, weka ringi za kujazia, la sivyo usukani utatetema ukifika mwendo wa barabara kuu na utazunguka mafundi wa balansi bila kupona. Nati za kichwa cha pia kama kiti cha rimu ni cha pia, za mviringo kama ni cha mviringo, usichanganye. Kama rimu ni za Japani, tafuta alama ya JWL, ile ya viwango vya rimu vya Japani, nyuma ya spoku. Na ziweke kwenye mizani kabla hujalipa: rimu nzito shokapu inashindwa kuitawala kwenye lami mbovu, na utaisikia kila unapokanyaga mafuta.

Zote nne ziwe sawa, mbele na nyuma. Najua unapenda nyuma pana. Lakini kwenye gari hili mpira mwingi nyuma unaifanya pua yake isukume nje ya kona, halafu huwezi tena kubadilishana matairi ya mbele na nyuma yakianza kulika.

Jumamosi nakuja na jeki, rula ndefu na udongo wa mwanangu. Usilioshe gari kabla sijafika, hasa ndani ya fenda. Nataka kuona vumbi limefutika wapi, maana hapo ndipo tairi la sasa linapofika likiwa na mzigo. Na yule muuzaji mwambie akupigie picha ya nyuma ya spoku, namba zisomeke. Akikataa, nijulishe hata kama ni usiku.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.