Kabla Hujafunga Kifuniko cha Taimingi

Nakuru

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, kazi ipo, ila mvua inatusumbua kwa sababu bado tunafanyia nje. Ujumbe wako niliupata usiku, nikaona badala ya kukujibu kwa simu vipande vipande, heri nikuandikie yote uyasome ukiwa kando ya gari.

Nilivyoelewa ni kwamba gari ni Toyota Corolla 110 ya injini ya 5A, ulitoa belti ya taimingi ubadilishe oili sili (mpira unaozuia oili kuvuja) ya kamshafti, ile shafti ya juu inayofungua valvu, na kabla hujaweka alama yako ya rangi, springi za valvu zikaisukuma kamshafti na gia ya juu ikaruka. Sasa hujui juu palikuwa wapi, na chini kwenye krankshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, palikuwa wapi. Usihangaike, omera. Alama za kiwandani hazikutoka na belti. Ziko kwenye gia na kwenye bodi ya injini, na hizo ndizo za kufuata hata kama ungekuwa umeweka zako. Alama ya rangi inakuonyesha tu gari lilivyokuja. Kama fundi aliyekutangulia alikosea jino moja, ukifuata rangi utalirudisha kosa lake vilevile.

Kabla hujashika spana, ondoa waya wa hasi kwenye betri, kisha utoe plagi zote nne. Plagi zikitoka hakuna mgandamizo, na krankshafti utaizungusha kwa mkono mmoja ukiwa unaisikia. Kusikia huko nitakurudia, maana ndiko kunakookoa injini.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hubishana juu yake. Krankshafti huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja, ndiyo sababu gia ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Kwa hiyo katika duru moja kamili ya kamshafti, pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili: mara ya kwanza ikigandamiza, mara ya pili ikitoa moshi. Hapo Kibuye, Kisumu, atatokea mtu akwambie utie kidole kwenye tundu la plagi ya kwanza, usikilizie upepo ukisukuma, ndipo ujue ni wakati wa mgandamizo. Huo ni ushauri mzuri belti ikiwa imefungwa. Wewe belti yako iko mezani. Ukizungusha krankshafti, valvu hazisogei hata kidogo, zimebaki pale kamshafti iliposimama. Upepo utakaousikia hautakwambia chochote. Krankshafti ikiwa peke yake haijui ni mgandamizo au ni moshi. Kamshafti ndiyo inayoamua. Weka ya chini kwenye alama yake, ya juu kwenye alama yake, ufunge belti, basi mgandamizo umejipanga wenyewe. Na distribyuta, inayogawa cheche kwa plagi, kama hukuigusa, yenyewe inaendeshwa na kamshafti, kwa hiyo itafuata.

Alama ya chini: tazama gia ndogo ya krankshafti, utaona alama inayotakiwa kutazamana na nyingine kwenye bodi ya pampu ya oili. Futa grisi kwanza, kwa sababu uchafu wa miaka hujaa pale mpaka alama isionekane. Ukitaka kuhakikisha, ingiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi ya kwanza uzungushe polepole. Mrija utapanda, utasimama kidogo, kisha uanze kushuka. Pale uliposimama ndipo pistoni iko juu kabisa. Usitumie kijiti kinachoweza kukatikia ndani.

Alama ya juu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haidanganyi. Kwenye gia ya kamshafti kuna tundu dogo, na nyingi zina herufi K kando yake. Chungulia katikati ya tundu hilo kwa tochi, jicho likiwa limenyooka. Nyuma yake, kwenye kikombe cha kwanza kinachoshikilia kamshafti, kuna mfuo mdogo. Mfuo huo lazima uuone katikati kabisa. Ukichungulia kutoka juu au kutoka pembeni utadhani umelingana na kumbe bado. Piga magoti ikibidi.

Kuizungusha kamshafti, fungua kifuniko cha valvu, utakuta sehemu ya pembe sita kwenye shafti yenyewe. Ishike hapo kwa spana. Na kabla ya kuizungusha, nakuomba ufanye jambo moja hata kama utaambiwa 110 halihitaji: rudisha krankshafti nyuma robo mzunguko kutoka kwenye alama. Hapo pistoni zote nne zinakuwa katikati ya silinda na hakuna iliyo karibu na valvu. Panga kamshafti yako kwa utulivu, kisha ulete krankshafti kwenye alama.

Nitakwambia kwa nini nalisisitiza. 5A inasamehe. Belti ikikatika barabarani, pistoni na valvu zake kwa kawaida hazikutani. Unaweka belti nyingine na gari linaondoka. Ndiyo maana vijana wengi waliojifunzia kwenye 110 huzungusha kamshafti ovyo, na hujaribu taimingi kwa starta wakisema kama si sawa tutarudia. Kesho wanaletewa Hiace ya dizeli, 2L au 3L, au hizi Subaru za EJ20 zilizojaa hapa mjini, na wanafanya vilevile. Hizo hazisamehi. Kwenye dizeli pistoni hufika karibu sana na silinda hedi, ile sehemu ya juu yenye valvu, valvu iliyo wazi haina pa kukimbilia. Na Hiace hiyo ina alama tatu, kwa sababu belti inazungusha pampu ya dizeli pia. Subaru nayo ina mtego wake: gia ya krankshafti ina mshale mbele, mtu anaufuata, kumbe alama yenyewe ni kistari kidogo kilicho nyuma, kwenye ukingo wa gia. Ukikipanga kistari hicho vizuri, pistoni zote zinakuwa katikati. Waliounda ile injini walitaka hiyo robo mzunguko ninayokuomba. Mimi nataka mkono wako uzoee adabu hiyo kwenye 110, kwa sababu umesema una nia ya kuanza kushughulikia matatu.

Tuendelee. Kuvalisha belti, anza chini kwenye gia ya krankshafti, kisha panda kwa upande usio na tenshena (ile puli inayokaza belti) belti ikiwa imekaza, vika gia ya juu, malizia upande wa tenshena. Ulegevu wote ubaki huko. Kama unarudisha belti ileile, ielekee ilikokuwa ikielekea. Lakini kama imeloa oili, usiirudishe, nunua mpya. Oili hulainisha mpira na meno hung'oka. Izungushe tenshena kwa vidole pia: ikikwaruza au ikicheza, nayo iende.

Legeza boliti ya tenshena uiachie springi isukume. Sasa ndipo kusikia kwa mkono. Zungusha krankshafti kwa spana, mwendo wa saa, raundi mbili kamili, taratibu. Usiirudishe nyuma, ukirudisha belti inalegea na tenshena inakudanganya. Ikigoma mahali, simama. Usiongeze nguvu, usilete bomba la kurefusha spana. Plagi zote ziko nje, hakuna mgandamizo wa kukuzuia, kwa hiyo kinachogoma ni chuma kinachogusa chuma. Ikipita raundi mbili na alama zote zimerudi mahali pake, kaza tenshena, zungusha mbili tena, chungulia lile tundu tena. Starta isiguswe mpaka hapo.

Juzi tuliletewa 110 lililotoka gereji fulani. Mwenyewe alilalamika kwamba kutoka Salgaa kupanda Mau Summit anapitwa hata na malori yenye mzigo. Sailensi, yaani mlio wa injini gari likiwa limesimama, haitulii, asubuhi linasumbua kuwaka, petroli linakunywa. Alikuwa amebadilishiwa plagi, waya za plagi, filta ya petroli na pampu ya petroli, na hela yake yote imeishia huko. Tulifungua kifuniko cha juu, nikaweka krankshafti kwenye sifuri, yaani pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa, nikachungulia lile tundu. Badala ya mfuo katikati ya tundu, chuma kitupu. Mfuo ulikuwa umejificha kando, jino moja tu. Gari liliwaka, likatembea, likamla mtu pesa kwa kosa ambalo tochi ingelionyesha kwa dakika moja. Liliniuma sana, kwa sababu mwenyewe si tajiri.

Ukishamaliza hayo, bado kuna taimingi ya moto, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, na hiyo ni kazi nyingine. Acha injini ipate joto vizuri. Kwenye kile kiboksi cha uchunguzi ndani ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, piga taa ya taimingi kwenye puli ya krankshafti. Alama isome digrii 10 kabla ya sifuri. Isiposoma hivyo, legeza distribyuta uizungushe kidogo kidogo mpaka ifike, kaza, kisha uutoe ule waya. Bila kuunganisha huko kompyuta itakuwa inabadilisha taimingi yenyewe, na utakuwa unafukuza alama isiyosimama. Na kama mfuo wa juu hauko sawa, usijaribu kuuponya kwa distribyuta. Cheche utazirekebisha, valvu zitabaki nje ya wakati wake.

Ukimaliza lipandishe kile kilima cha kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, gia ya tatu. Hapo litakwambia.

Nitumie picha ya lile tundu kabla hujafunga kifuniko, ukipiga kwa kunyoosha simu kama nilivyosema jicho. Nitakuwa yadi siku nzima, piga tu ukikwama. Msalimie shemeji na watoto, na mwambie mzee ile jeki yake bado iko kwangu, naituma na gari la kwanza.

Ni mimi rafiki yako