Mwanangu, kula unachoweza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeona nikuandikie, kwa sababu habari za chakula tukizizungumza mezani zinageuka ubishi kabla hazijafika mbali, nami sitaki kubishana nawe ukiwa katikati ya matibabu ya saratani ya matiti. Isome ukiwa na nguvu. Ukichoka, iweke, utaimalizia siku nyingine.

Kilichonisukuma ni lile neno ulilosema, kwamba siku hizi unajiona mlafi. Kuna siku kijiko kimoja hakipiti, na kuna siku unaamka usiku wa manane kutafuta chakula. Mwili unaongezeka uzito wakati kila anayekuja kukuona alitegemea kukukuta umekonda, na wewe unaona haya. Mama, hiyo haya itue. Kukosa hamu kunaletwa na dawa, na hamu kupita kiasi nayo inaletwa na dawa. Tabia yako haimo kabisa katika jambo hili.

Dawa ulizoanza nazo, ile nyekundu ya doksorubisini na mwenzake siklofosfamaidi, hushambulia chembe hai za mwili zinazogawanyika haraka. Saratani inagawanyika haraka, ndiyo, lakini hata utando wa ndani ya mdomo na utumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache, na chembe zinazoonja ladha kwenye ulimi hubadilishwa kila siku 10 hivi. Zote hupigwa kwa pamoja. Kwa hiyo ukisema nyama ina ladha ya chuma, ni kweli ina ladha ya chuma kwako, na anayekuambia unadeka hajui anachosema.

Kichefuchefu nacho kina njia yake. Chembe za ukuta wa utumbo zikiumizwa humwaga serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, na ujumbe hupanda hadi sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Ondansetroni, dawa yako ya kuzuia kutapika, huziba njia hiyo. Ndiyo maana wanataka uimeze kabla tumbo halijaanza kuvurugika, maana ukisubiri hadi uzidiwe umekwisha kuchelewa. Halafu kuna kichefuchefu cha pili kinachokuja siku ya pili hadi ya tano, wakati dripu imeshasahaulika na kila mtu anadhani umepona. Hicho hakitulii vizuri kwa ondansetroni peke yake, na zipo dawa nyingine za kukizuia, kama aprepitanti na olanzapini. Usikae nyumbani unatapika kimya kimya kwa kudhani kwamba kemo, yaani hizi dawa za saratani, ndivyo ilivyo. Mwambie daktari, siku gani na mara ngapi, abadilishe mpango kabla ya awamu inayofuata. Na ujue ondansetroni hufunga choo, na tumbo lililofunga choo halina hamu ya chakula. Hilo nalo liseme, usione aibu.

Sasa nije kwenye uzito. Saratani nyingine, kama za kongosho au za koo la chakula, hukondesha kweli. Matibabu ya saratani ya matiti mara nyingi huenda kinyume, na wanawake wengi huyamaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Deksamethasoni unayopewa kuzuia kutapika ni steroidi. Inaamsha njaa, inapandisha sukari kwenye damu na inafukuza usingizi, kwa hiyo hiyo njaa ya usiku wa manane ina mwenyewe. Ongeza uchovu unaokulaza kitandani, na vile vitu vikavu vya wanga unavyotafuna kutuliza tumbo. Ongeza tena hedhi inayokatika kabla ya wakati wake kwa sababu ya dawa, nisamehe kwa kulitaja mimi baba yako, lakini ni sehemu ya hesabu na sitaki uikose.

Usijinyime chakula sasa ili upungue. Kipimo cha dawa zako kinakokotolewa kwa urefu na uzito wako, ndiyo sababu wanakupima kila ukienda. Uzito ukibadilika sana, wa kushuka au wa kupanda, ni habari ya daktari na ya mtaalamu wa lishe, si siri ya kubeba moyoni. Muulize pia daktari kama vidonge vya deksamethasoni unaweza kuvimeza asubuhi, pamoja na chakula, usiku upate kulala. Usivipunguze wala kuviacha mwenyewe. Siku zenye nafuu tutatembea kidogo, mimi na wewe, bila haraka.

Kuna jambo moja nililolisoma likanikaa sana. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Ilene Bernstein, alichapisha utafiti juu ya watoto waliokuwa wakitibiwa saratani. Walipewa aiskrimu ya ladha wasiyoizoea kabla ya dawa zinazochafua tumbo. Baadaye walipoletewa tena, wengi waliikataa, ingawa aiskrimu haikuwa na kosa lolote. Mwili unakumbuka kilicholiwa karibu na kutapika, na unakichukia bila kukuuliza. Kwa hiyo siku ya dripu usile vile unavyovipenda kuliko vyote. Kula kitu cha kawaida tu, chepesi, usichojali kukikosa baadaye. Vipenzi vyako tuvitunze kwa ajili ya wiki nzuri.

Na wiki nzuri zipo, zitumie. Tumbo likikubali, anza na vyakula vyenye protini, maana ndiyo mwili unayotumia kujenga upya kilichobomolewa. Wataalamu wa lishe hushauri walau gramu 1, na ikiwezekana hadi 1.5, kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama gramu 8, kwa hiyo si jambo la mlo mmoja mkubwa. Ni kidogo asubuhi, kidogo tena muda wa saa mbili ukipita, kidogo tena. Nyama ikikataa, kuna samaki, kuku, maharage, mtindi. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kali kama cha moto, na kijiko cha mti au cha plastiki hupunguza ile ladha ya chuma. Ndimu kidogo huamsha ulimi, ila mdomo ukiwa na vidonda iache kabisa pamoja na pilipili. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, na usitumie dawa ya kusukutulia yenye alkoholi.

Siku ambayo hakuna kinachopita, usihangaike na chakula, hangaikia maji. Siklofosfamaidi inatoka kwa njia ya mkojo na inaweza kuunguza kibofu, na maji ndiyo yanayoisafisha. Funda moja moja linatosha, mradi lisikatike. Na ukiona mkojo mwekundu siku ya kwanza au ya pili, ni rangi ya doksorubisini, si damu. Ukiendelea baada ya hapo, tunapiga simu hospitali.

Kwenye usafi wa chakula ndipo nitakapokuwa mkali, nakuambia mapema. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka sana, na kidudu ambacho kwa mwingine kingekuwa tumbo la siku moja, kwako kinaweza kuwa kitanda cha hospitali. Mayai yaive hadi kiini, nyama iive hadi ndani, maziwa yawe yamechemshwa, matunda yaoshwe vizuri. Chakula kilicholala nje hakiliwi, hata kikinukia vipi. Joto la mwili likifika 38, tunakwenda hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku iwe alfajiri, hatungoji kupambazuke.

Watakaokuja na ushauri wao, waache kwangu. Mmoja atakuambia sukari inalisha saratani, acha kila kitamu. Kila chembe ya mwili inatumia sukari, na hakuna ushahidi kwamba kuikata kabisa kunaua uvimbe. Mwingine atakuletea mizizi ya kuchemsha. Ini lako tayari lina kazi ya kushughulikia dawa kali, na mitishamba mingine hubadilisha nguvu ya dawa hizo. Hata vidonge vya vitamini usivimeze mpaka daktari akubali. Tangawizi ya kawaida kwenye chai haina neno, na wengine huwatuliza.

Awamu ya paklitakseli, ile dawa nyingine ya saratani, ikianza, kwa wengi kichefuchefu hupungua, lakini ladha inaweza kubaki imepotea na ncha za vidole kufa ganzi. Usikate tamaa na ulimi wako. Kwa kawaida ladha hurudi wiki kadhaa au miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho.

Kabla ya kwenda kliniki nataka uandike kwenye daftari: siku ulizotapika, siku ulizoamka na njaa, choo, vidonda, na unachoweza kumeza. Nitakaa nawe mbele ya daktari, na ukishindwa kusema nitasoma mimi.

Akupendaye sana,
Baba yako